Somo la Nane: Mto Lualaba, Maporomoko Yake, na Maji Yanapofurika

Katika somo lililopita tulijifunza habari ya kisima na ya ndoo ya maji nyumbani. Leo tutatoka nyumbani, twende mpaka mtoni. Labda wengine watauliza, "Mbona kitabu cha afya kinatufundisha jiografia? Hayo si mambo ya shule?" Mimi nami niliuliza hivyo zamani. Lakini nimekaa na wagonjwa zaidi ya miaka ishirini, nami nimeona ya kuwa mtu asiyejua mto wake unatoka wapi na unakwenda wapi, hawezi kujua ugonjwa wake ulitoka wapi. Basi someni polepole. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

Mto wetu ni Lualaba. Hata jimbo letu limechukua jina lake tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa, na Kolwezi ikawa mji mkuu wa jimbo. Chemchemi yake iko kusini, juu ya uwanda wa Katanga, upande wa mpaka wa Zambia, mahali palipoinuka meta 1,400 hivi juu ya bahari. Sisi hatuna huku milima ya theluji kama ile ya Ruwenzori. Mlima wetu ni uwanda wenyewe, yaani nchi ya juu iliyo pana, yenye misitu ya miombo na yale mabonde ya majani yenye kushika maji, tunayoyaita dembo. Mvua huanza Oktoba au Novemba, hukoma Aprili. Miezi mingine ni kiangazi, na vumbi jekundu hufunika kila kitu. Walakini mto haukauki. Kwa nini? Kwa sababu maji ya mvua yameingia katika udongo, katika nyufa za mawe na katika madembo, nayo hutoka kidogo kidogo mpaka mvua nyingine zije. Mtu anayelima dembo lote mpaka ukingoni, au anayekata miti yote ya mlimani kwa ajili ya makaa, anaharibu ghala ya maji ya watu wa chini ambao hajawaona hata siku moja.

Zamani wageni hawakujua mto huu unakwenda wapi. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliuona, akadhani ni mwanzo wa mto Nile. Mwaka 1874 Cameron alifika hapo hapo, akapima urefu wa nchi, akaona ya kuwa Nyangwe iko chini kuliko mahali Nile inapopita kule Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Basi akajua ya kuwa hauwezi kuwa Nile. Kisha Stanley akaufuata tangu mwaka 1876 mpaka 1877, akatokea baharini upande wa magharibi, na watu wengi sana wa msafara wake walikufa njiani. Mto ni mmoja. Karibu na Kisangani, chini ya maporomoko saba ya Boyoma, jina la Lualaba linaachwa na mto unaitwa Kongo.

Sasa tutazame maporomoko ya kwetu. Toka Kolwezi mto unakwenda kaskazini, na huko unaingia katika korongo la Nzilo. Hapo nchi ya juu inakatika. Katika safari ya kilometa 72 hivi maji yanashuka meta 457, yakipiga mawe, yakitoa povu, yakinguruma hata mtu hasikii neno la mwenzake. Alexandre Delcommune, aliyepita huku na msafara wake miaka ya 1891 na 1892, aliona kwamba mitumbwi haina kazi mahali kama hapo. Baadaye watu walitumia nguvu ya maji hayo. Baraje ya Nzilo ilimalizika mwaka 1952, na baraje ya Nseke, iliyo chini yake, mwaka 1956. Hizi mbili zilijengwa ili kupata umeme wa machimbo na vinu vya shaba. Karibu na hizo sasa iko na baraje ya Busanga, iliyoanza kazi katika miaka hii yetu. Taa inayowaka juu ya meza ya kupasulia wagonjwa, mara nyingi moto wake umetoka kwa maji yale yale. Watu wengi wa Kolwezi wanalipa umeme kila mwezi, wala hawajayaona maporomoko hata mara moja. Ni hasara.

Mto Lualaba una ndugu pia. Upande wa mashariki uko mto Lufira, wenye maporomoko ya Kiubo, na wenye baraje ya Mwadingusha iliyojengwa kabla ya zile za Nzilo na Nseke, mwaka 1930. Kijito cha Lofoi kinaanguka toka uwanda wa Kundelungu, na maporomoko yake yana zaidi ya meta 300. Ni kati ya yale marefu kabisa katika Afrika. Wakati wa kiangazi kinabaki kama uzi mweupe tu juu ya jabali. Lofoi unaingia Lufira, na Lufira unaingia Lualaba kule kwenye maziwa ya chini.

Je, maporomoko yanahusu nini afya? Yako mambo mawili, nayo ni kinyume kabisa.

Penye maji yanayokimbia juu ya mawe, kuna nzi mdogo mweusi mwenye mgongo uliopinda. Anaitwa usubi. Yeye hataki maji ya kusimama. Hutaga mayai yake juu ya mawe na majani yaliyo katika maji ya mbio, kwa maana watoto wake wanahitaji hewa iliyomo ndani ya povu. Usubi akimwuma mtu mara nyingi, anaweza kumtia vidudu vya ugonjwa wa upofu wa mto. Vidudu vinakaa katika ngozi miaka mingi. Mtu anajikuna usiku na mchana, ngozi yake inakuwa kama ya mzee, vinundu vinatokea kiunoni na mbavuni, na mwisho macho yanaingia ukungu. Msiseme, "Babu amezeeka tu." Iko dawa, ivermectini, tunayoiita Mectizan, ambayo tangu mwaka 1987 hutolewa bila malipo kwa nchi zenye ugonjwa huo. Humezwa mara moja kwa mwaka, na yafaa kumezwa miaka mingi mfululizo, kwa sababu inaua watoto wa vidudu lakini wazazi wao hawafi upesi. Nimeona wengi wakimeza mwaka wa kwanza, wakavimba uso siku mbili, wakaogopa, hawakurudi tena. Kule kuvimba ni vidudu vinavyokufa. Mwambieni mgawaji wa dawa, naye atawasaidia.

Lakini maji yakifungwa na baraje yanatulia, nayo yanakuwa ziwa. Usubi huondoka hapo. Anayekuja ni konokono, apendaye majani ya majini na maji yasiyokwenda. Konokono huyo hubeba kichocho. Mtoto anaoga, anacheza, anavua samaki wadogo kwa chandarua kilichochakaa, na vidudu visivyoonekana vinapenya ngozi yake. Baada ya miezi anakojoa damu, au damu inatoka katika choo kikubwa, na tumbo linamwuma. Wako wavulana wanaofikiri ya kuwa kukojoa damu ni dalili ya kuwa mtu mzima! Wazazi, waambieni wazi kuwa huo ni ugonjwa. Dawa yake, prazikwanteli, mtoto hupewa kwa kipimo cha uzito wake. Walakini mtoto aliyemeza leo na kesho akarudi kuoga mahali pale pale, atarudi kwetu. Kichocho hakiingii majini chenyewe. Huingia kwa mkojo na mavi ya watu, basi hapo ndipo pa kukifunga njia.

Sasa twende chini, maana habari kubwa ya somo hili iko huko.

Mto ukitoka katika makorongo unafika Bukama, katika jimbo la Haut-Lomami. Reli toka Lubumbashi ilifika hapo mwaka 1918, na toka Bukama meli na mashua ziliweza kwenda kilometa 640 hivi mpaka Kongolo. Bukama iko chini kuliko Kolwezi kwa meta zaidi ya 800. Na baada ya Bukama nchi inakuwa sawasawa kama meza. Hapo mto unachoka. Unatawanyika katika mabwawa na mafunjo na maziwa mengi: Upemba, Kisale, Kabwe, Kabele na mengine. Nchi hiyo watu huiita Kamalondo. Watu wamekaa hapo toka zamani sana; kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 wachimbuaji walianza kufukua makaburi ya kale yenye vyungu vizuri na misalaba midogo ya shaba. Kwa hiyo shaba ya nchi yetu ya juu na samaki wa nchi ya chini vimejuana tangu siku za mababu. Hata leo samaki wakavu tunaokula na bukari hapa Kolwezi, wengi wametoka huko. Katika ziwa Kisale wako wavuvi wanaokaa juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea, na nyumba zao juu yake.

Angalieni jinsi maji yanavyofurika huko. Haiji kama gharika ya mlimani, inayoshuka kwa saa moja na kubeba ng'ombe na daraja. Maji ya Kamalondo hupanda polepole, kidole kwa kidole, wiki kwa wiki. Mvua ya Desemba na Januari iliyonyesha kwetu juu inashuka, inaingia katika mabwawa, mafunjo yanaizuia, nayo inaendelea kupanda mpaka Machi au Aprili. Mara nyingine mvua imekwisha kukoma na jua linawaka, na watu wa maziwani bado wanahamisha vitanda. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mvua imeisha, hatari imeisha." Na kwa kuwa maji hupanda polepole, watu huyazoea. Leo yako kwenye shamba la muhogo, kesho kutwa yako kwenye choo, na siku ya tatu watoto wanachota maji ya kunywa mlangoni, wakifurahi kwamba mto umekuja karibu.

Hapo ndipo kipindupindu kinapoingia. Ugonjwa huo umejulikana katika nchi yetu tangu miaka ya 1970, na maziwa ya Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu ni mahali ambapo haukomi kabisa. Hupungua, halafu huwaka tena. Kidudu chake kinaweza kukaa katika maji ya ziwa hata kama hakuna mgonjwa. Kisha wavuvi hubeba ugonjwa toka kambi moja mpaka nyingine, na wafanya biashara hupanda mashua na gari la moshi na malori ya samaki, nao unapanda pamoja nao mpaka Likasi, Lubumbashi na Kolwezi. Mto unashuka, lakini kipindupindu hupanda. Ndiyo maana watu wa juu hawawezi kusema, "Hayo ni ya watu wa maziwani."

Nitawaambia jambo lililonipata. Mwaka mmoja wa maji makubwa nilitumwa kufundisha katika kambi moja ya wavuvi. Watu walikusanyika mahali palipobaki pakavu, si pakubwa kuliko uwanja wa kanisa dogo. Nilifundisha vizuri, hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nikasema, "Chemsheni maji yote ya kunywa." Mama mmoja mzee akasimama, akapiga makofi kwa heshima, akasema, "Asante, mwanangu. Sasa utuonyeshe kuni." Nikatazama huku na huku. Kila mti ulisimama ndani ya maji. Kuni chache walizokuwa nazo ziliwekwa juu ya dari kwa kukausha samaki, na samaki ndiyo fedha yao. Sikuwa na jibu. Watu hawakucheka, na hilo liliniumiza zaidi.

Usiku ule ule walileta kijana kwa mtumbwi. Alikuwa ameharisha maji meupe kama maji ya kuoshea mchele tangu asubuhi, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Kaka zake walimnyima maji siku nzima. Walisema, "Tukimpa maji, yatamzidishia kuhara." Hawakufanya kwa ubaya, walimpenda, nao walimshika zamu kwa zamu. Nilikuwa na chupa mbili tu za maji ya mshipa. Alikufa kabla ya alfajiri. Siku ya pili mke wake akaanza kuharisha, na safari hii tulimnywesha tangu mara ya kwanza, kikombe baada ya kikombe, hata alipotapika tulingoja kidogo tukaanza tena. Alipona. Walikunywa maji ya ziwa lile lile, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Mmoja alinyimwa maji na mwingine alinyweshwa.

Basi shikeni jambo hili kuliko mengine yote: kipindupindu huua kwa kukausha mwili. Anayeharisha anyweshwe mara moja, asingojee kufika hospitali. Iko pakiti ya chumvi za kunywa katika dispansari. Fuateni kipimo kilichoandikwa. Kama haipo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kupita ukingo, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Onja kwanza: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto anyonye kama kawaida. Halafu mpelekeni kwa mganga upesi, mkimnywesha njiani. Mgonjwa aliyelegea sana, asiyeweza kumeza, anahitaji maji ya mshipa.

Na habari ya kuni? Nimeifikiri miaka mingi. Jibu lake haliko katika mwezi wa Machi, liko katika mwezi wa Agosti. Wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini, kila nyumba iweke akiba ya makaa au kuni juu ya dari, iwe ya maji ya kunywa tu, mtu asiiguse kwa samaki. Pamoja na hiyo, wekeni dawa ya klorini, ya vidonge au ya maji. Kama maji ni machafu, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, mtie dawa kwa kipimo cha karatasi yake, mngoje nusu saa. Yanuke kidogo. Wengine wanasema harufu hiyo ni sumu ya kuua uzazi. Mimi nimeyanywa na watoto wangu wameyanywa.

Choo nacho ni kazi ya kiangazi. Kosa la wengi ni kuchimba choo Agosti mahali pa mchanga laini karibu na maji, kwa sababu pana urahisi. Machi kinajaa maji na kila kilichomo kinatoka nje kwenda kwa jirani. Kabla ya kuchimba, waulizeni wazee maji makubwa yalifika wapi. Mara nyingi alama iko juu ya shina la mti au juu ya ukuta wa zamani. Chimbeni juu ya alama hiyo, hatua 40 au zaidi toka kisima. Na kama maji yamekwisha kuzunguka kijiji chote, chagueni mahali pamoja palipo pakavu, mbali na pa kuchotea, kila mtu afukie kwa jembe. Si kuzuri, lakini ni afadhali kuliko kwenda nyuma ya mtumbwi.

Yako mambo mengine ya mafuriko, nayo nitayapita upesi. Nyoka hutafuta pakavu kama sisi, basi kung'uteni mikeka kabla ya kulala. Ukuta wa matofali mabichi mara nyingi hauanguki maji yakiwapo. Huanguka yakiisha kupungua, usiku, watu wakiwa wamerudi ndani. Piga ukuta kwa mkono kabla ya kulaza watoto chini yake. Na maji yakiondoka huacha madimbwi elfu, na kila dimbwi ni nyumba ya mbu. Mwezi wa Mei na Juni ndipo tunapopokea watoto wengi wenye homa na degedege. Chandarua kisigeuzwe kuwa wavu wa samaki.

Sasa turudi Kolwezi, maana ninyi wa juu mmekaa kimya. Vijito vyetu vinaingia Lualaba, na vingine vimepita katika machimbo. Kijito cha Musonoi kilichukua matope ya vinu vya shaba miaka mingi. Mwaka 2009 madaktari wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba walipima mkojo wa watu wanaokaa karibu na machimbo na vinu vya Katanga, wakaona kobalti nyingi sana ndani yake. Na mwaka 2018 walitangaza habari kama hiyo ya mtaa wa Kasulo, hapa hapa Kolwezi, na zaidi kwa watoto. Fahamuni neno hili: moto unaua vidudu, lakini hauondoi shaba, wala kobalti, wala asidi. Ukichemsha maji hayo, yanapungua na sumu inabaki yote. Hata klorini haisaidii. Kwa hiyo maji yaliyobadilika rangi, au ambamo samaki wamekufa, au yanayotoka chini ya rundo la mchanga wa kinu, msinywe, msioshe mboga ndani yake, msinyweshe mbuzi. Wachimbaji wanaoosha mawe kijitoni wawaache wanawake wachote juu yao, si chini yao. Na baba anayerudi toka shimoni aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Maswali ya kujibu pamoja darasani

1. Maji ya kijito chako yanaingia mto gani, na ni kijiji gani kinachoyanywa baada yako?

2. Mwaka wa maji makubwa, maji yalifika wapi katika mtaa wako? Nani anakumbuka? Nendeni pamoja mkaone alama.

3. Kwa nini usubi anapenda maporomoko na konokono anapenda ziwa la baraje?

4. Jirani anaharisha usiku, dispansari iko ng'ambo ya maji, na mama mkwe wake anasema asipewe maji. Utamwambiaje mama mkwe, kwa heshima, naye akusikie?

5. Hesabuni hatua toka choo chenu mpaka mahali mnapochota, mje na hesabu hiyo siku ya somo la tisa.